Maharagi ya watoto yasigeuke madesu ya bana



Mkongomani yeyote anajua maana ya "madesu ya bana". Polisi wa barabara akikusimamisha na kukuomba maharagi ya watoto, haulizi kama watoto wamekula. Anataka umtie kitu mkononi uende zako. Lugha ya nchi hii imekwisha kuweka chakula cha watoto na rushwa ndani ya neno moja, na sisi tunacheka tu.

Leo tunazungumza maharagi ya kweli, yale ya ndani ya sufuria. Neno "kantini" limerudi midomoni mwa wakubwa: kantini za masomo, kantini za maternele, uji kwa watoto wa garderi. Tuseme wazi tangu mwanzo ili mtu asitupachike maneno: sisi tunaitaka kantini. Mtoto wa miaka minne aliyeamka bila kula hasikii wimbo wala hesabu, analala tu kwenye benchi. Mama anayeuza makala ama mkate barabarani anahitaji fasi ya kuacha mtoto ambako atapewa kikombe cha uji. Hatuna shida na kantini. Shida yetu ni swali ambalo hatusikii mtu akiliuliza: nani atahesabu sahani?

Kwa miaka mingi PAM njo ilikuwa inapika katika masomo ya mikoa kadhaa ya nchi, kwa makuta ya kutoka nje. Mfadhili ana mambo yake, lakini alikuwa anatuma watu wake kuhesabu magunia. Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID, makuta ya misaada yakapungua sana, na PAM yenyewe ikalazimika kukata. Kwa hiyo kantini itakayokuja, kama itakuja, itapikwa zaidi kwa budje ya leta, ya mkoa, na hata ya komini. Kwa sisi wa Katanga jambo hili si la mbali: sheria ya madini ya 2018 inapeleka asilimia 15 ya redevansi ya madini kwa komini, sekta na usheferi ambako mgodi unachimbwa. Burgumestre anaweza kuamka kesho na kusema atalisha maternele zote za komini yake. Tutampigia makofi. Kiisha tutauliza swali letu.

Wengi wetu tunadhani wizi wa chakula cha watoto ni ugonjwa wa Kongo, juu leta yetu ni maskini na karatasi zetu ni za fujo. Njo maana tunawaomba mutuvumilie twende kwanza mbali, kule Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Kule karatasi zilikuwa nzuri sana.

Marekani ina programu ya serikali inayolipa chakula cha watoto kwenye garderi na vituo vya kulelea watoto baada ya masomo, na nyingine ya chakula cha wakati wa likizo. Makuta yanatoka wizara ya kilimo ya nchi nzima, yanapita kwenye idara ya elimu ya jimbo, yanafika kwa shirika la katikati, shirika linawalipa wenye vituo. Kituo kinalipwa kulingana na idadi ya sahani: kinaandika "leo tumelisha watoto kadhaa", kinatuma karatasi, kinapokea. Na shirika la katikati, ambalo sheria inalipa kazi ya kuangalia vituo, linakata asilimia yake kwenye makuta hayohayo.

Musome tena hiyo sentensi ya mwisho. Anayeangalia anapata zaidi kadiri sahani zinavyokuwa nyingi. Kweli unategemea atakwambia sahani zimezidishwa?

Shirika moja lisilo la faida, Feeding Our Future, lilipitisha dola milioni 3.4 hivi mwaka 2019. Mwaka 2021 lilipitisha karibu milioni 200. Corona ilikuwa imefika, sheria zikalegezwa ili watoto wasife njaa: chakula kikaruhusiwa kubebwa nyumbani, na wakaguzi hawakuwa wanafika tena kwenye vituo. Shirika hilo likafungua vituo zaidi ya 250. Restora moja iliandika kwamba inalisha watoto 5,000 kila siku, siku saba kwa juma. Watoto elfu tano! Muhesabu masomo mangapi ya kartie yenu yangejaa mule ndani. Majina ya watoto, kwa sehemu, yalichukuliwa kwenye tovuti inayotunga majina ya ovyo, na umri wao ukapangwa na fomula ya kompyuta, mwenye 7, mwenye 12, mwenye 17, bila mtoto hata mmoja kuzaliwa. Wafanyakazi wa shirika wakawa wanaomba wenye vituo wawarudishie kitu ili wapite. Kwetu hiyo tunaiita operesheni retuu. Kumbe inasafiri bila viza.

Serikali ya Marekani inahesabu hasara karibu dola milioni 250. Zilinunua magari na majumba, na mali mpaka pwani ya Kenya na Uturuki. Januari 2022 polisi wa FBI waliingia, Septemba mwaka huo watu 47 wakashitakiwa, na baadaye hesabu ikapita 70. Katika kesi ya kwanza, mwaka 2024, mtu alipeleka mfuko wenye dola 120,000 nyumbani kwa mmoja wa raia waliochaguliwa kuamua kesi. Huyo mama aliita polisi. Machi 2025 mwanzilishi wa shirika alikutwa na hatia.

Wanasiasa wa kule walishika upande mmoja tu wa habari hii: washitakiwa wengi walikuwa na asili ya Somalia, basi matusi yakaanza juu ya Wasomali wote. Mwanzilishi aliyekuwa juu ya shirika ni Mmarekani mzungu. Tunalisema juu tunajua mchezo huo hapa kwetu pia: wizi ukionekana, tunauliza kwanza mwizi ni wa kabila gani, na swali la nani alikuwa analinda mlango linapotea.

Na hilo la mlango njo lenye faida kwetu. Mkaguzi wa bunge la jimbo la Minnesota alitoa raporo Juni 2024 juu ya idara ya elimu. Alama za hatari zilikuwa zinajulikana hata kabla ya Corona. Watu walikuwa wamepeleka malalamiko. Unajua idara ilifanya nini na baadhi ya malalamiko hayo? Ilituma kwa Feeding Our Future yenyewe, ijichunguze. Na idara ilipoanza kukaza, mwaka 2020, shirika liliipeleka mahakamani na kusema inabaguliwa kwa kuwa inahudumia watu weusi na wageni. Idara ikaingia woga wa kesi na wa magazeti.

Kwa hiyo karatasi zilikuwepo, sheria zilikuwepo, wakaguzi wenye mishahara walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya ile restora saa sita ya mchana na kuhesabu vichwa.

Turudi kwetu. Mimi ninayeandika nina diploma ya chuo kikuu na sina kazi, kama wengi munaosoma. Kuna wakati nilipata kazi ya siku kumi na tano ya kuchukua data kwa mradi mmoja, jina tuliache. Tulifika kwenye garderi iliyokuwa inapokea unga wa uji. Kwenye daftari la mahudhurio, Jumatatu watoto 96, Jumanne 96, Jumatano 96. Ile Jumatano tulikuwepo sisi wenyewe. Ilikuwa Januari, mvua ilipiga tangu saa kumi na moja ya asubuhi, barabara imekuwa mto, na tulihesabu watoto 31. Nilimuuliza mkubwa wa timu tuandike wapi. Akanijibu: "Fomu yetu haina fasi ya hiyo." Niliandika pembeni ya karatasi kwa kalamu. Sikusikia tena kitu.

Tangu siku ile naamini jambo moja: idadi isiyojua mvua ni idadi ya uongo. Watoto wadogo wanaugua malaria, wanakwenda kwenye matanga na mama zao, wanakosa viatu. Kituo cha kweli kina namba zinazopanda na kushuka. Hauhitaji kuwa enspekta ili uone hilo, unahitaji paka kuruhusiwa kusoma daftari.

Na kwa watoto wa maternele jambo ni zito zaidi kuliko kwa wakubwa. Mwanafunzi wa sekondari akinyimwa chakula atapiga kelele, ataandika kwenye Facebook, atatupa jiwe kama ni lazima. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kumwambia enspekta kwamba jana hakula. Hata ukimuuliza, atakwambia amekula jana, kesho na Krismasi. Kwa hiyo mtu mkubwa fulani lazima awe macho yake, na mtu huyo asiwe yule anayelipwa kwa sahani.

Tunajua wengine watajibu: tuna IGF, tuna Kortidekonti. Ni kweli, na IGF imefanya kazi. Ukaguzi wake kwenye mishahara ya elimu uligusa masomo hewa, na Machi 2021 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu wakubwa wawili wa elimu kifungo cha miaka 20. Lakini IGF inafika wakati makuta yamekwisha kuliwa. Inafuata faktire, na faktire ya mwizi mwerevu ni safi kuliko ya mama mwaminifu aliyenunua chumvi sokoni bila risiti. Chakula hakifanani na daraja. Daraja lisilojengwa utalitafuta mwaka kesho na utaona halipo. Sahani isiyopikwa Jumanne haina alama Jumatano.

Kuna wanaodhani dawa ni teknolojia. Nairobi, tangu 2023, programu ya Dishi na County inawapa watoto wa masomo ya serikali, pamoja na wale wa chekechea, bangili ya mkononi: mtoto anagusisha kwenye mashine, anapewa chakula, mzazi amelipa shilingi 5. Ni mradi mzuri na tunawasifu. Lakini mashine inahesabu miguso. Kwetu, ambako Snel inakata umeme kila wakati inavyotaka, tuanze na chaki.

Ndiyo, chaki. Tunadai kila kituo kinachopokea chakula kwa makuta ya leta, ya mkoa au ya komini kiwe na ubao mlangoni, upande wa nje, ambako mtu anayepita anasoma. Kila asubuhi uandikwe: watoto waliofika leo, sahani zilizopikwa leo, kilo zilizotoka stoki, jina la aliyeleta mali na bei ya gunia. Hesabu hiyo kila mzazi ataiweza. Tuchukue mfano wa gramu 40 za maharagi kwa mtoto. Watoto 150 wanakula kilo 6 kwa siku, gunia la kilo 50 linafika siku nane. Kama gunia limeisha siku ya tatu, basi ama watoto wameongezeka, ama maharagi yamepanda taksi. Na bei ya gunia mama zetu wanaijua kuliko waziri wa budje. Ukiandika bei ya uongo kwenye ubao huo, soko lote litacheka kabla ya jioni.

Nani atasoma ubao kwa niaba ya wengine? Masomo yana COPA, kamati ya wazazi. Tuwe wakweli: mahali pengi COPA ni rafiki za direktere, na raisi wake amekaa tangu watoto wake wakiwa maternele mpaka wameoa. Tunapendekeza kura ya bahati. Kila mwezi majina ya wazazi wote yaingie ndani ya kofia, yatoke mawili. Hao wawili wana haki ya kuingia jikoni siku yoyote bila kutoa habari, kuonja chakula, kufungua stoki na kusaini daftari. Mwezi unaofuata wengine. Ni vigumu kununua watu ambao haujui ni nani.

Kuonja si mchezo. Julai 2013, katika jimbo la Bihar, India, watoto 23 wa somo moja la msingi walikufa baada ya kula chakula cha mchana cha serikali. Mafuta yalikuwa na dawa ya kuua wadudu. Mpishi alikuwa ameona mafuta hayako sawa, akasema, akaambiwa apike. Mtu aliyekuwa karibu na sufuria alijua. Hakuwa na nguvu ya kukataa. Kwa hiyo tunadai pia mpishi awe na haki iliyoandikwa ya kukataa mali mbovu bila kufukuzwa, na alipwe kwa mwezi, kwa wakati. Mpishi asiyelipwa miezi mitatu atatumia artikle 15 kama sisi wote, atatoka na kopo la unga chini ya kitenge. Ni vibaya, lakini tusije tukamfunga yeye kwa kopo wakati aliyekula lori zima anakaa kwenye viti vya mbele kanisani.

India hiyohiyo ina vituo vingi vya watoto chini ya miaka sita, vinaitwa anganwadi. Mwaka 2004 mahakama yao kuu iliamua kwamba makontrakta wasipewe kazi ya kuleta chakula humo. Bora wapewe vikundi vya wanawake wa kijiji. Wazo ni zuri na tunalitaka hapa. Lakini baadaye, katika jimbo la Maharashtra, ilionekana kwamba nyuma ya baadhi ya vikundi hivyo vya wanawake walisimama makontrakta walewale. Sisi hatutashangaa. Muangalie ni "asosiasio za mama" ngapi mjini kwetu ambazo mama mwenyewe ni bibi ya deputi. Kwa hiyo hata kikundi cha mama, ubao mlangoni.

Kuhusu malipo: mpishi, anayehesabu na anayelipa wawe watu watatu ambao hawakai nyumba moja. Na mwangalizi asilipwe asilimia ya sahani, alipwe mshahara uleule hata akikuta kituo kitupu. Hapa natoa sauti yangu mwenyewe dhidi ya tumbo langu: kuna vijana watakaosema leta iajiri maelfu ya sisi wenye diploma kuwa wakontrolere wa kantini. Nami natafuta kazi, nisikilizeni. Lakini tunajua kazi hizo zingegawiwa namna gani, na baada ya miezi sita tungekuwa sisi tunaoomba madesu mlangoni pa garderi. Wachache, wenye mishahara, wanaohamishwa kila mara, wanatosha. Sehemu kubwa waachiwe wazazi.

Malalamiko yasirudi kwa anayelalamikiwa. Hili peke yake lingeokoa mamilioni Minnesota. Yaende kwa watu walio nje ya mnyororo wa makuta, na jibu libandikwe kwenye ubao uleule kabla ya siku 15.

Jambo la mwisho ambalo tunaliogopa kuliko wizi: dawa ya hasira. Wizi ukigunduliwa, mkubwa anasimama mbele ya kamera na kutangaza "tumesimamisha programu". Watu wanapiga makofi. Na kesho yake watoto ambao hawakuiba kitu wanalala njaa, na mama mwenye garderi ndogo ya watoto ishirini, mwaminifu, anapewa fomu sita mpya ambazo hawezi kujaza, anafunga. Tunadai iandikwe tangu mwanzo: msimamizi akishukiwa anatoka, moto unabaki. Komini iweke mtu mwingine siku hiyohiyo.

Hatuombi muandamane leo. Juma hili, muende kwenye maternele ama garderi ya leta iliyo karibu nanyi, kwa heshima, musalimie mama mkubwa wa fasi, mueleze munatoka wapi. Muulize kama wanapokea chakula, kutoka kwa nani, na kama wazazi wanaruhusiwa kusoma daftari. Kama hakuna chakula kabisa, muandike pia, hiyo nayo ni habari. Mutume majibu kwa kikundi cha komini yenu kabla ya Jumapili; tutayapeleka kwa burgumestre kwa barua yenye muhuri wa kupokea. Na kama wanakubali ubao, mununue chaki wenyewe, haifiki hata bei ya unite.

Musipige picha za nyuso za watoto. Pigeni ubao.